Arthur Wharton, gardiyeni wa Accra aliyemaliza maisha mu mugodi wa makaa



Kila siku ya Mungu, mechi ikiisha, ku nganda ya karibu na lango la kambi mabishano hayana mwisho. Wa Mazembe wanapiga kelele, wa Lupopo wanajibu, na chupa zikiongezeka lazima mutu mmoja aulize nani alikuwa mweusi wa kwanza kulipwa juu ya kupiga mupira ku Ulaya. Wazee wanamutaja Léon Mokuna wa kwetu, aliyekwenda Sporting ya Lisbonne mwaka 1954. Mokuna alikuwa mukubwa, hatubishi. Lakini miaka 65 mbele yake, mwaka 1889, mutoto wa Accra alikuwa tayari anapokea mushahara kwa kusimama mu goli la ekipi ya muji wa makaa na chuma ku Uingereza. Jina lake Arthur Wharton.

Tunamuandika mu ukurasa huu wa wachimbaji kwa sababu moja. Siku alipotundika viatu vya mupira, hakuna bwana mukubwa wa club aliyemungojea na kazi ya kukaa ku meza. Alishuka mu mugodi sawa sisi, akafanya kule miaka mingi, akafa masikini, na walimuzika pasipo kuandika jina lake ku kaburi.

Wharton alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1865 ku Jamestown, mutaa wa zamani wa Accra, mu inchi iliyoitwa Gold Coast na leo tunaita Ghana. Wametodisti wa kwetu Katanga watafurahi kusikia kama baba yake, Henry Wharton, alikuwa mupasta wa Metodiste. Huyo baba alitoka Grenada, kisiwa kidogo cha Karibe, na alikuwa na damu ya Scotland na ya Afrika pamoja. Mama yake alitoka mu jamaa ya kifalme ya Wafante. Hakuzaliwa kwa shida basi. Lakini baba alikufa mwaka 1873, mutoto angali mudogo, na kisha pale jamaa ilimutuma Uingereza kusoma, akarudi, na mwaka 1882 akatumwa tena. Mawazo ya wakubwa wa jamaa yalikuwa wazi: asome vizuri, awe mwalimu ao mutu wa Kanisa, kisha arudi kwao na kola nyeupe ku shingo.

Mwaka 1884 aliingia Cleveland College, mu muji wa Darlington, kaskazini ya Uingereza. Wale wa reli kati yetu wajue: Darlington njo muji ambako mwaka 1825 ilifunguliwa reli ya kwanza ya watu wote yenye kuvutwa na mashini ya mvuke, kutoka Stockton. Ulikuwa muji wa moshi na wa nyundo. Na kijana aliyetumwa kusoma Biblia aliona kiwanja.

Ile club ya Darlington ilikuwa ndogo kabisa. Ilianzishwa mwaka 1883, na shampiona ya diviziyo haikuwa bado fasi yoyote, maana Football League ya Uingereza ilianza mwaka 1888 tu, na club 12. Kwa hiyo ekipi sawa Darlington ilicheza makombe ya jimbo na mechi za urafiki, mbele ya watu waliotoka moja kwa moja ku kazi. Wharton alianza kuchunga goli lao mu mwaka wa mupira wa 1885 kwenda 1886. Alikuwa na miaka 20. Hakulipwa. Na hakucheza mupira peke yake: alikimbia, alicheza kriketi, alipanda kinga kwa mwendo wa kutisha. Kila mahali kulikuwa mashindano, alikuwa pale.

Tusimame kidogo hapa, maana vijana wa leo wakisikia neno gardiyeni wanafikiri glove, maillot ya rangi nyingine, na arbitre mwenye kupiga filimbi kila mara mutu anapomugusa. Ile wakati hapana. Gardiyeni alivaa maillot moja na wenzake. Ni mwaka 1909 tu walipomupa rangi yake. Mikono ilikuwa tupu. Filets hazikuwa mu goli mbele ya 1891, na penalti pia ilikuja mwaka ule ule wa 1891. Kwa upande wake, aliruhusiwa kushika mupira kwa mikono mu nusu yote ya kiwanja chake, si mu sanduku tu. Lakini adui naye aliruhusiwa kumugonga kwa bega, hata kama mupira uko mbali, hata kumutupa yeye na mupira wake ndani ya goli, na goli lihesabiwe. Mutu dhaifu hakukaa mu ile kazi.

Wharton alikuwa na dawa yake. Alikuwa na ngumi: mupira ulipokuja juu, aliupiga kwa mukono ukaenda mbali sana, na mara nyingine kichwa cha adui kilikuwa njiani. Alikuwa pia na miguu. Alipenda kuinama pembeni ya poto, kimya, sawa mutu amechoka, na adui akifikiri goli iko wazi, kumbe yeye amekwisha kutoka mbio na kuchukua mupira ku muguu wake. Watu walikuja kiwanjani kumwangalia yeye. Sisi tulioona Kidiaba mwaka 2010 akirukaruka ameketi chini, na dunia nzima ikicheka kwa furaha, tunajua gardiyeni mwenye kufurahisha watu ni mutu wa namna gani. Miaka mingi kisha, mwaka 1942, muzee mmoja aliandikia gazeti la Sheffield kwamba alimuona Wharton, mu mechi moja kule Sheffield, akiruka, akajining'iniza kwa mikono ku mbao ya juu ya goli, akakamata mupira kati ya miguu yake, na washambuliaji watatu waliokuja mbio wakaanguka wenyewe ndani ya goli. Muzee alisema tangu siku ile hakuona tena kitu kama kile.

Tarehe 3 Julai 1886 alipanda gari la moshi mpaka London, ku Stamford Bridge, ku mashindano ya wakimbiaji wa Uingereza wote. Mbio ya yadi 100, karibu metre 91. Alikimbia kwa sekunde 10 kamili mu mbio ya kuchagua, kisha akarudilia sekunde 10 mu mbio ya mwisho. Mu yale mashindano hakuna mutu mbele yake aliyehesabiwa ile saa, na wakati ule wakubwa wa elimu ku Ulaya walikuwa wanaandika vitabu kuonyesha kama mweusi ni wa chini kwa mwili na kwa akili. Mwaka uliofuata, 1887, alishinda tena. Kombe alilopiga nalo picha, maillot yenye mistari, mukono ku kiuno, lingali linajulikana mpaka leo.

Hakuwa mupole ku mambo ya haki. Inasimuliwa kama ku mashindano moja ya Middlesbrough walimunyima nafasi ya kwanza aliyoistahili, wakamupa bakuli la saladi, zawadi ya mutu wa pili. Alilivunja pale pale mbele yao, akawaambia watengeneze lingine kwa vipande. Sisi wa sendika hatufundishi watu kuvunja vyombo. Lakini tunaelewa ile hasira. Tumeketi mara nyingi mbele ya meza ambako mutu anapewa bakuli mu fasi ya kile kilichoandikwa ku kontra.

Kwa sababu ya lile jina, ekipi kubwa ya Preston North End ilimuita mwaka uleule wa 1886. Preston ilikuwa moto. Mwaka 1887 Wharton alifika nayo ku demi-finali ya Kombe la Uingereza, wakashindwa na West Bromwich Albion magoli 3 kwa 1. Magazeti mengine yalimusifu. Mengine yalimucheka juu ya rangi, na kuandika kama ile michezo yake mu goli ni upuuzi, kwamba kichwa chake ni kigumu mno kuelewa. Kulikuwa pia sauti za kusema achukuliwe mu ekipi ya taifa ya Uingereza. Hawakumuchukua hata mara moja.

Mwaka 1888 aliacha Preston, akaenda kukimbia kwa pesa, ku mbio za watu wa kazi za Sheffield ambako kulikuwa bets na kelele nyingi. Hapa bahati yake ilimugeukia mugongo. Mu mwaka wa mupira uliofuata, Preston ilikamata shampiona ya kwanza kabisa ya Uingereza pasipo kushindwa mechi moja, na Kombe pasipo kuingizwa goli moja. Angebaki, pengine jina lake lingekuwa ku ile picha. Hakubaki.

Njo vile alifika Rotherham, na pale sisi tunapenda kukaa zaidi, maana pale njo alikuwa mufanyakazi wa mupira kati ya wafanyakazi.

Rotherham ni muji wa Yorkshire, wa makaa na vyuma, karibu na Sheffield. Club iliitwa Rotherham Town. Haikuwa ya Football League. Ilicheza shampiona ya chini yake, ile ya Midland. Mwaka 1889 Wharton alitia sahihi, na safari hii kwa mushahara. Kulipa wachezaji kulikuwa ruhusa tangu mwaka 1885 tu. Mbele ya pale waliwalipa mu giza. Tuseme ukweli wote: mbele yake kulikuwa Andrew Watson, mweusi mwingine, aliyechezea ekipi ya Scotland tangu mwaka 1881. Lakini Watson alikuwa mutoto wa tajiri na alijulikana kama mutu wa kucheza bure. Kwa waandishi wengi wa historia, Wharton njo anahesabiwa wa kwanza mwenye ngozi yetu kuuza jasho la mupira kwa mushahara.

Na nani walikuwa wanalipa ile franka ya kuingia kiwanjani? Wale wale wa tanuru na wa shimo. Hapa tuombe ruhusa ya kusema neno la sendika. Mechi za Uingereza zinachezwa siku ya Posho mangaribi, na watu wanafikiri ni desturi tu. Hapana. Tangu mwaka 1850 sheria ililazimisha viwanda vya nguo kufunga siku ya Posho saa 8 ya muchana, kisha watu wa kazi zingine nao wakaidai kidogo kidogo. Mbele ya pale mufanyakazi alikuwa mu kiwanda mpaka giza. Pasipo ile nusu siku, hakungekuwa watu wa kuangalia mupira, na pasipo watu hakungekuwa mushahara wa gardiyeni. Mupira wa kulipwa ulizaliwa ndani ya saa ambazo wafanyakazi waliwanyanganya wakubwa wao.

Wharton alikaa Rotherham Town miaka karibu tano. Mwaka 1890 alioa pale pale musichana wa muji, Emma Lister. Alipata pia kuchunga nganda, maana mushahara wa mupira peke yake haukutosha, na club zilipenda kumupa muchezaji nganda ili watu wakuje kunywa kwa sababu ya jina lake. Kwa mutu mwenye kupenda kinywaji, ni sawa kumupa mbwa kazi ya kuchunga nyama. Kinywaji kilimuingia, na hakikumutoka upesi.

Lakini ku kiwanja ekipi ilipanda. Rotherham Town ilishinda shampiona ya Midland mara mbili kufuatana, 1892 na 1893, na mwaka 1893 ikapokelewa mu diviziyo ya pili ya Football League, diviziyo iliyoundwa mwaka mmoja tu mbele ya pale. Kutoka ekipi ya muji mudogo mpaka kucheza na wakubwa: ni kazi ya wachezaji 11, na mmoja wao alikuwa mutoto wa Jamestown. Tukifikiri juu ya Wharton, hatufikiri kwanza London na sekunde 10. Tunafikiri ile miaka, mvua ya Yorkshire, matope mpaka ku magoti, na nyuma ya goli wanaume wenye uso mweusi kwa vumbi la makaa, wenye kumuita kwa jina lake.

Mwaka 1894 Sheffield United, ya diviziyo ya kwanza, ilimuchukua. Februari 1895 alicheza na Sunderland, na ile siku akawa mweusi wa kwanza kucheza mu diviziyo ya juu ya Uingereza. Lakini club ilikuwa imekwisha kununua kijana mwingine, William Foulke, mutoto mukubwa wa mwili ambaye baadaye alipita kilo 130, na mu goli kuna fasi ya mutu mmoja tu. Wharton alikaa ku banc. Alikuwa na miaka 29, na kuanzia pale njia ilikuwa ya kushuka: Rotherham tena, kisha Stalybridge Rovers, Ashton North End, tena Stalybridge, na mwisho Stockport County mu diviziyo ya pili. Mwaka 1902 aliacha kabisa. Miaka 36, magoti yamechoka, hana akiba.

Wandugu wataluliza: hakukuwa dekonti finali? Hakukuwa kitu. Ile wakati muchezaji alikuwa mali ya club. Tangu mwaka 1893 club ilikuwa na haki ya kushika karatasi ya muchezaji hata kontra ikiisha. Hangeweza kwenda club nyingine ya League pasipo ruhusa, hata kama hawamulipi tena. Mwaka 1901 waliongeza kamba nyingine: hakuna muchezaji kupita livre 4 kwa juma, hata awe nani. Ile sheria ya livre ilibadilishwa hesabu mara nyingi, lakini ilifutwa mwaka 1961 tu. Wachezaji walijaribu kuunda sendika mwaka 1898, ikakufa. Ile iliyosimama iliundwa Manchester tarehe 2 Desemba 1907, na mutu aliyekuwa mbele kuiunda ni Billy Meredith, winga mukubwa wa Wales. Na Meredith alijifunza wapi mambo ya sendika? Mu mugodi. Alianza kuongoza farasi za kuvuta mawagoni chini ya udongo akiwa na miaka 12.

Meredith alitoka mu mugodi akaenda ku mupira. Wharton alifanya safari ya kinyume. Na sendika ya wachezaji ilikuja miaka 5 kisha yeye kuacha kucheza.

Wakati wa vita ya 1914 tunamukuta Edlington, kijiji cha wachimbaji karibu na Doncaster. Pale kulikuwa mugodi mupya, Yorkshire Main, shimo lake lilianza kuchimbwa mwaka 1909. Aliandikwa kazi ya mawagoni. Tunajua wasomaji wetu wanaijua ile kazi ao ndugu yake: mawagoni tupu yaende mbele kwa wale wenye kupiga makaa, yenye kujaa yarudi mpaka ku shimo la kupandishia, kamba, farasi, mikono, na wagoni moja ikitoka ku reli unairudisha kwa mugongo wako. Ku migodi ya Uingereza mupiga makaa kwa kawaida alilipwa kwa tani, na watu wa mawagoni kwa siku, na siku yao ilikuwa ya bei ya chini. Mukimbiaji wa sekunde 10 alikuwa sasa anatembea nyuma ya wagoni mu giza. Aliifanya ile kazi karibu miaka 15.

Mwaka 1926 alikuwa ndani ya lile pigano kubwa. Wenye migodi walitaka kupunguza mushahara na kuongeza saa za kazi. Sheria ya 1919 ilikuwa imewapa wachimbaji saa 7 chini ya udongo, na wakubwa walitaka zirudi 8. Wachimbaji walikataa, na tangu tarehe 1 Mei milango ya migodi ilifungwa mbele ya watu karibu milioni moja. Wafanyakazi wa kazi zingine waliingia mu greve kuwasaidia, wa reli, wa bandari, wa chapa, lakini kwa siku 9 tu. Tarehe 12 Mei wakubwa wa sendika zingine waliisimamisha. Wachimbaji walibaki peke yao. Walikaa inje mpaka Novemba, wakila supu ya jikoni za pamoja na kuokota makaa ku milima ya takataka. Walirudi kwa njaa, na kwa saa 8. Wharton alimaliza miaka 61 mu ile greve. Kwa umri ule, mu sheria zetu za leo, mutu anafikiri pansyoni. Yeye alirudi kusukuma mawagoni.

Kansa ilimukamata ku uso, na ugonjwa mwingine wa zamani ulikuwa mu damu yake. Alikufa tarehe 13 Desemba 1930, mu lopital ya wamasikini ku Doncaster, miaka 65. Walimuzika ku malalo ya Edlington mu kaburi la daraja la tatu, ni kusema kaburi la mutu asiyekuwa na pesa ya jiwe. Hakukuwa jina, wala tarehe. Majani yaliota pale juu miaka 67.

Ni mwaka 1997 tu jiwe liliwekwa. Watu wa Sheffield, wa kikundi cha Football Unites, Racism Divides, chenye kupigana na ubaguzi mu viwanja, njo walichangisha na kulisimamisha. Kuanzia pale mambo yalikwenda mbio. Mwaka 2003 jina lake liliingia mu nyumba ya heshima ya mupira wa Uingereza. Mwaka 2014 walimusimamishia sanamu ku St George's Park, fasi ambako ekipi ya taifa inafanyia mazoezi, ile ile ekipi isiyomuita hata siku moja. Sanamu inamuonyesha ameruka, mukono juu, anagusa mupira kwa vidole.

Ule mugodi wa Yorkshire Main wenyewe ulifungwa mwaka 1985, mwaka wachimbaji wa Uingereza waliposhindwa greve yao nyingine kubwa. Jiwe la Wharton lilimukuta mugodi wake haupo tena.

Tumeandika haya yote kwa sababu sisi pia tuko na wetu. Miaka iliyopita tulimuzika muzee mmoja wa kambi, gardiyeni wa ekipi ya wafanyakazi wa sosyete moja wakati tungali watoto. Tulipanda miti ya maembe kumuona akicheza. Alifanya kazi ku concentrateur mpaka mapafu yakakataa. Ile siku ya kumuzika, sosyete ilitoa gari la kubeba sanduku, na hatukatai, gari lilikuja. Lakini ku kaburi kulikuwa kibao chenye numero ya kazi tu, imepakwa rangi, na mvua mbili zilitosha kuifuta. Mwaka ule tulichangisha ku mulango wa kazi siku ya mushahara, kila mutu alichoweza, tukanunua simenti mifuko miwili. Fundi aliandika jina kwa musumari simenti ingali mbichi. Chini ya jina watoto wake waliomba aandike neno moja zaidi: gardiyeni.

Kisha pale wajane wengine walianza kuja kwa madelege wetu na kuuliza: na wa kwangu je? Alikuwa ailier gauche, alikuwa back, alifunga goli mwaka fulani. Tulijikuta hatuna daftari. Ekipi zile za kambi hazikuandikwa mu kitabu chochote, na wale wenye kukumbuka wanapunguka kila kiangazi.

Kwa hiyo tumeanza kuandika. Kila siku ya Mungu, kisha misa na ibada, delege mmoja anakaa ku nyumba ya sendika na daftari. Tunaandika jina, ekipi, fasi aliyocheza, miaka, kazi aliyofanya, na malalo gani amelala, mustari gani. Mwenye livret ya kazi ya baba yake ailete. Mwenye picha ailete pia, hata kama imekatika nusu, hata kama hajui majina ya wote walioketi chini. Kuna mzee wa wazee ku mutaa wetu anayewatambua kwa viatu. Mpaka leo tumefikisha majina 43, na gardiyeni kati yao ni 4.